Aisingi ya keki ya harusi: anza na ukumbi, picha ya simuni iache mwisho

Kila Jumatatu nikifungua WhatsApp nakuta picha ya keki, mara nyingi haina hata salamu, picha tu na chini yake "hii bei gani?" Keki yenyewe nyeupe pee, ngazi nne, maua yamemwagika ubavuni kuanzia juu mpaka chini, na ukiitazama vizuri ile picha nyuma ya keki kuna dirisha na nje ya dirisha kuna theluji. Sasa dada yangu, harusi yako ni Februari, Kigamboni, bustanini, saa kumi jioni.

Mi napamba keki hapa Dar mwaka wa kumi na moja huu, na karibu kila keki iliyonitoa jasho ilikuwa ni kwa sababu aisingi, yaani kile kinachopakwa au kuvalishwa juu ya keki, ilichaguliwa kwa macho. Kwahiyo huu mwongozo ni wa bibi harusi, au yule mwanakamati aliyebebeshwa kipengele cha keki, na pia wewe mpishi wa nyumbani uliyepata oda yako ya kwanza ya harusi, advansi umeshakula na sasa usiku hulali.

Kwanza niwape yangu. Binamu yangu aliolewa Februari, akataka butakrimu (siagi iliyopigwa na sukari) ya siagi tupu na mawaridi ya kupaipu, yale ya kukamuliwa kwa mfuko, nami kwa mapenzi nikamfanyia. Saa tisa na nusu keki iko mezani chini ya hema jeupe, imependeza kweli, watu wanapiga picha. Saa kumi na moja MC bado anatambulisha upande wa bwana harusi, mashangazi wote wanasimama mmoja mmoja, na mi macho yangu yako kwenye ua moja la chini kabisa. Lile ua lilikuwa linatembea. Linashuka taratibu kama konokono, nyuma linaacha mstari wa mafuta unang'aa. Nikachukua kadi za menyu nikaanza kuipepea keki, yaani nimevaa sare ya familia, nimesuka, napepea keki kama napepea jiko la mkaa.

Sababu ni rahisi tu. Siagi halisi inayeyuka kwenye nyuzi joto 32 mpaka 35 hivi na huanza kulegea kabla ya hapo, na Dar mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33, bado hujaingia chini ya hema ambako hewa haitembei. Hapo hakuna ufundi utakaokuokoa.

Hatua ya 1: Uliza ukumbi kabla hujauliza bei

Ndani au nje? Kama ni ndani, AC ipo, na inawashwa saa ngapi? Hili la pili watu hawaulizi. Kumbi nyingi wanawasha wageni wakianza kuingia, saa kumi na mbili au saa moja, wakati keki imeletwa saa tisa ikapangwa, kwahiyo inakaa masaa matatu kwenye ukumbi uliofungwa madirisha na wapambaji wanapanda ngazi na kuchoma gundi. Umeme ukikatika, jenereta inabeba AC au inabeba taa na muziki tu? Usione aibu kuuliza, meneja wa ukumbi ameshazoea.

Halafu keki itakatwa saa ngapi. Ratiba ya kamati itasema saa mbili na nusu, wewe andika saa nne. Ongeza na muda wa barabarani, maana keki ya kutoka Tabata kwenda Mbezi Beach siku ya Jumamosi ni safari. Jumla yake mara nyingi inakuja masaa sita mpaka nane, na hiyo ndo namba utakayompa mpambaji wako, "nataka aisingi ya kukaa masaa nane nje ya friji". Mpambaji anayejua kazi yake atakuheshimu papo hapo.

Mwezi nao una maneno yake. Desemba mpaka Machi ni joto, masika inaleta unyevu ambao ni adui wa sukari, Juni mpaka Agosti ndo raha ya wapamba keki wa Pwani. Kama harusi ni Arusha, Lushoto au Njombe mwezi wa saba, hapo watu wanavaa masweta asubuhi, karibu kila aisingi itakukubali, we chagua kwa ulimi tu. Tanga, Mombasa na Unguja mnahesabu kama Dar.

Hatua ya 2: Zijue aisingi zenyewe

Butakrimu ndo mama yao. Ile ya kawaida ni siagi moja kwa sukari ya aisingi mbili, mfano gramu 250 za siagi na gramu 500 za sukari, unapiga mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Ni tamu sana, wengine wanaiita kali, lakini inapaipika vizuri na watoto wanaipenda. Kuna ile ya mayai, ya Kiswisi, ute unachanganywa na sukari ya kawaida juu ya mvuke mpaka nyuzi 71 hivi, ndo unapigwa ukapoa ukasimama, halafu siagi inaingia kidogokidogo. Hesabu yake ni ute gramu 150, sukari 300, siagi 450. Hii ni laini kama hariri, haina utamu wa kuchoma koo, na ndo yenye ule muonekano wa kifahari unaouona kwenye picha. Katikati ya kupiga itajikata ionekane kama maziwa yaliyoganda, usiitupe, endelea kupiga itarudi. Lakini ina siagi nyingi, kwahiyo joto ikiliona tu inanyoosha mikono.

Hata Prince Harry wa Uingereza na Meghan, kwenye harusi yao mwaka 2018, waliachana na keki ya matunda ya kifalme wakachukua keki ya limao na butakrimu na maua fresh, watu wakaanza kuiga dunia nzima. Ile harusi ilikuwa Mei, Windsor. Mei ya Windsor na Februari ya Kigamboni ni vitu viwili.

Ujanja wa Pwani ni kuchanganya siagi na mafuta ya mgando ya mimea nusu kwa nusu, kwasababu yale mafuta yanahitaji joto kubwa zaidi kuyeyuka. Inasimama, na inakuwa nyeupe zaidi. Hasara yake ni ule utando unaobaki kwenye paa la mdomo, kama umekula maandazi yaliyopoa. Ukitia chumvi kidogo na vanila nzuri hiyo hali inapungua, haiishi. Kuna wanaotumia majarini peke yake kwasababu ya bei. Sisemi kitu, ila ina chumvi na unjano, na kwenye keki ya harusi vyote viwili vinaonekana.

Wipingi krimu, iwe ya unga au ya maboksi yanayouzwa yameganda, ndo ya bei nafuu na kwa kweli wageni wengi wa Kibongo wanaipenda kuliko butakrimu kwasababu sio tamu sana. Kwa keki ndogo ya sendofu au kitchen party, ukumbi una AC, inatosha kabisa. Kwa keki ya ngazi nne ya kusimama masaa nane, hapana. Haina uti wa mgongo, mwishowe inatoa vitundu na kupasuka pasuka.

Fondanti, lile donge laini la sukari, hapa nakaa kidogo kwasababu ndo inayosemwa vibaya kuliko zote. Watu wanasema haina ladha, watu wanaibandua na kuiacha pembeni ya sahani kama ngozi ya kuku. Ni kweli. Lakini fondanti ni nguo ya keki, haijaja pale kuwa chakula. Inasukumwa kama chapati, unene wa milimita 3 au 4, inavalishwa juu ya keki ambayo chini yake tayari imepakwa butakrimu au ganashi (naieleza hapa chini), kwahiyo ladha inatoka huko chini. Inakupa ule ulaini wa kama kaure, kona kali, mikunjo ya kitambaa, nakshi za kanga ukitaka, hata mistari ya dhahabu. Na kwasababu haina siagi, joto peke yake haliiyeyushi. Kinachoimaliza ni unyevu. Siku ya mvua inakuwa natanata, inang'aa kama uso uliotoka jasho, na ukisukumia kwenye sukari nyingi kuogopa isinate inapasuka kama kisigino. Tumia kornflawa kidogo sana kwenye kusukuma, na kama hewa ni nzito kanda na punje ya CMC, unga wa kukazia fondanti.

Kosa kubwa la fondanti ni friji. Ukiitoa kwenye baridi ukaipeleka kwenye joto la Dar inatoka jasho matone kabisa, rangi zinachirizika, na ukigusa umeacha alama za vidole. Kama lazima iingie friji basi iwe ndani ya boksi la kadibodi lililofungwa, na ikitoka ikae hivohivo ndani ya boksi mpaka baridi iishe ilingane na chumba. Ikishatoka jasho usiifute. Washa feni, kaa mbali, subiri.

Ganashi ni chokleti na krimu. Kwa kupaka keki ya hapa kwetu chokleti nyeusi ni sehemu 2 kwa krimu 1, nyeupe ni 3 kwa 1, na miezi ya joto nyeupe naipandisha mpaka 4 kwa 1. Ikikauka inakuwa kama ganda, ndo maana mi chini ya fondanti siweki kitu kingine, kona zinasimama kama zimepigwa rula. Ukiiacha peke yake bila fondanti ni nzuri kwa harusi ya ndani yenye rangi za kahawia na dhahabu, ina ukimya fulani wa kistaarabu.

Royo aisingi ni ute wa mayai na sukari ya aisingi, ute wa mayai mawili kwa gramu 450 mpaka 500 za sukari, na matone ya limao. Keki ya Malkia Victoria mwaka 1840 ilikuwa nyeupe ya namna hii. Ikikauka inakuwa ngumu kama chokaa, ukiweka kijiko kidogo cha glisarini inalainika kisu kipite. Siku hizi kuivalisha keki nzima sio kawaida, lakini kwa zile nakshi nyembamba za kama lesi, au majina ya maharusi, au vitone vidogo kama vya hina, hakuna mbadala. Ute mbichi una hatari ya salmonela, kwahiyo tafuta unga wa ute uliokaushwa, wenye vifaa vya keki Kariakoo wanao.

Hatua ya 3: Linganisha na keki ya ndani na mjazo

Fondanti ni nzito. Kwa ngazi tatu za inchi 10, 8 na 6, kila moja urefu wa inchi 4, zinaenda kilo 1, gramu 800 na gramu 650 hivi, nunua kilo 3 ubaki na ya kuziba makosa. Mzigo huo ukiuweka juu ya sponji laini ya kama pamba, inakaa kitako. Keki ya fondanti iwe ya siagi, ya karoti, ya chokleti nzito au ya matunda. Sponji nyepesi iachie krimu.

Na mjazo wa krimu chizi au maziwa fresh usiuweke ndani ya keki itakayosimama nje masaa nane, hata kama bibi harusi analia. Jam, butakrimu au ganashi vinatosha. Kila ngazi iwe na kibao chake chini na vijiti vya kubeba, mi natumia ile mirija minene ya kunywea, inakatika kirahisi na haigharimu. Aisingi haishikilii keki jamani, kinachoshikilia ni nguzo.

Hatua ya 4: Nyeupe ipi?

Peleka kipande cha kitambaa cha gauni kwa mpambaji. Sio picha, kitambaa. Gauni la rangi ya pembe likisimama karibu na keki nyeupe ya fondanti ya duka, gauni linaonekana kama halijafuliwa. Butakrimu ya siagi yenyewe kwa asili ni ya njano njano na inaendana na gauni la pembe bila kutia rangi. Ukitaka nyeupe zaidi, tia rangi ya zambarau kidogo mno, ncha ya kijiti cha meno, inaua unjano. Ukizidisha umepata keki ya kijivu, na hiyo hairudi.

Rangi za kukolea kama damu ya mzee na kijani cha zumaridi, tumia rangi ya jeli na uitie siku moja kabla, zinakolea zenyewe usiku. Kwenye butakrimu zitawachafua watu meno na midomo, kwenye picha ya kulishana haipendezi. Ukizitaka, ziweke kwenye maua na utepe tu. Zambarau na pinki nazo zinafifia kwenye mwanga, kwahiyo keki isikae karibu na dirisha wala chini ya zile taa za watu wa video, ambazo pia zinapika.

Hatua ya 5: Mapambo ya juu yake

Maua ya sukari yanafanywa wiki kabla, yanakaa bila friji, yanabaki kumbukumbu. Ni kazi ya mikono na bei yake usiishangae, waridi moja kubwa lina petali ishirini na zaidi na kila moja imenyooshwa kwa kidole. Waya zake zisiingie kwenye keki moja kwa moja, ziwekwe kwenye kijirija.

Maua fresh ni rahisi zaidi ila sio kila ua linakaa na chakula. Oleanda, yale ya pinki na meupe yanayopandwa sana kwenye nyua, ni sumu kabisa, usikubali hata kwa picha. Waridi ni salama lakini la dukani limepulizwa dawa, kwahiyo vikonyo vifungwe na petali zisilale kwenye sehemu itakayoliwa. Kwa harusi ya Pwani mi napenda asumini, iwekwe dakika za mwisho kwasababu inanyauka haraka, lakini ile harufu watu wakisogea kukata keki, aah.

Glita na unga wa dhahabu, soma kopo. Ikiandikwa haina sumu maana yake haitakuua, haimaanishi ni chakula. Kwenye sehemu ya kula tafuta iliyoandikwa kabisa kwamba inaliwa.

Hatua ya 6: Ionje, halafu iweke barazani

Kuonja kila mtu anajua. Wanachosahau ni hiki: omba kipande kidogo au kapkeki tatu zenye aisingi uliyoichagua, ziweke barazani kivulini kuanzia saa tisa mpaka saa tatu usiku, nzi uwazuie na chujio, upige picha kila saa. Utaona mwenyewe. Nilimfanyia hivi bibi harusi mmoja aliyekuwa amekataa katakata fondanti, saa kumi na mbili alinipigia anacheka, akasema "shosti, valisha".

Kama moyo wako uko kwenye butakrimu na harusi iko nje, kuna njia ya katikati ambayo mi ndo naisukuma sana: ngazi zote zivae fondanti juu ya ganashi, mezani iwe hiyo, halafu keki za kugawia wageni ziwe za trei zenye butakrimu au krimu, zikae jikoni kwenye baridi, zikatwe huko. Wageni wanapata utamu, picha inapata kaure. Keki za wakwe nazo ziwe hivohivo, ndani ya maboksi yake, zitolewe muda wa kukabidhi tu.

Hatua ya 7: Ngazi feki, na kisu

Bajeti ikibana, ngazi mbili au tatu ziwe za foamu, zivalishwe fondanti sawa na ya kweli, hakuna atakayejua. Bei itashuka ila sio nusu kama watu wanavyodhani, maana kazi ya kuvalisha na kupamba ni ileile, umeokoa mayai na unga tu.

Ila basi ngazi ya kweli iwekewe alama. Nilishaona bwana harusi, kashika mkono wa mkewe, MC anahesabu moja, mbili, tatu, ukumbi mzima umesimama na simu juu, kisu kikaingia sentimita moja kikagoma. Akasukuma. Ikatoka ile sauti ya foamu, kriiii, na maiki ilikuwa palepale. Tangu siku hiyo nafunga utepe mwembamba wenye fundo upande wa nyuma wa ngazi ya kweli, hapo siweki ua wala waya, nakata kabisa kipande mapema na kukirudisha mahali pake, na kabla ya maharusi kuitwa namfuata bibi harusi alipokaa namnong'oneza: ya chini, kwenye fundo.